Mauzo Yaliyosubiri Langoni

Ijumaa, tarehe 9 Novemba 2007, ilikuwa sikukuu ya Diwali. Hilo halibishaniwi: kalenda zinakubaliana, na waliokuwapo wanakubaliana na kalenda. Mengine yote yametoka vinywani mwa watu, na vinywa, tofauti na kalenda, hupenda kunogesha.

Asubuhi ya siku hiyo Wachuka, binti Ndung'u, ambaye kwa wengi mjini Nakuru alikuwa Mama Shiko tu, aliingia kazini akiwa na ahadi mbili kifuani, nazo zilikuwa zikipigana mateke. Ya kwanza alikuwa amempa mwajiri wake, mzee Gopal, mwenye duka la spea za malori na matrekta: kwamba jioni ya Diwali kitabu cha duka kitafungwa kabisa, asiandike mtu hata nukta mpaka sala iishe. Ya pili alikuwa amempa Sachin, mwana wa Gopal: kwamba jioni hiyohiyo kitabu hakitafungwa hata kidogo. Baba hakujua ya mwana, wala mwana ya baba. Wote wawili Wachuka aliwajibu, "Sawa, itakuwa hivyo," kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa akitumia kanisani kukubali kuleta maandazi.

Kitabu chenyewe hakikuwa na kurasa. Kilikuwa ndani ya kompyuta iliyokaa katika chumba cha nyuma, na skrini mbili za kaunta zilikichungulia kwa waya uliopita ukutani. Wataalamu hukiita hifadhidata. Gopal alikiita kitabu, na kwa kuwa duka lilikuwa lake, kilibaki kitabu. Ndani yake iliandikwa kila spea iliyokuwa dukani: jina lake, namba yake, gari linaloivaa, rafu inayokaa, na idadi iliyosalia. Jonah, muuzaji wa kaunta, zamani alikuwa akikumbuka yote hayo kwa kichwa. Tangu kompyuta ije, alikuwa amekabidhi kichwa chake kwa mashine kama mtu anavyokabidhi gunia kwa mwenye mkokoteni, na hakuwa na haja ya kudai kirudishwe.

Aliyekiandika kitabu hicho alikuwa Wachuka. Alizaliwa Molo, kwenye baridi na viazi, akaja Nakuru kwa ndoa, akaajiriwa dukani kwa Gopal kazi ya kufunga spea kwa magazeti. Mikono yake ilizizoea beringi na sili kabla macho yake hayajajua namba zake. Sachin alipoleta kompyuta, yeye ndiye aliyepelekwa masomo ya jioni, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi na rafu alizijua. Alizunguka duka rafu kwa rafu, akaandika spea moja baada ya nyingine, zaidi ya mwaka mzima, mpaka akawa anaota mikanda ya feni ikimwita kwa jina. Alipomaliza alipewa chumba cha nyuma na kiti. Kiti kile alikishonea mto mwenyewe, wa kitambaa cha maua, na hakuna mwingine aliyekikalia ila paka wa jirani, ambaye hakuwa ameomba ruhusa.

Kiti hicho ndicho kilichokuwa hatarini siku ile.

Chanzo kilikuwa Diwali ya mwaka uliotangulia. Kwa desturi ya kwao Gopal, mfanyabiashara hufunga kitabu cha mwaka siku ya Diwali, akakiweka mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa neema, kikapakwa unga mwekundu wa kumkum na kunyunyiziwa mchele na maua. Baada ya sala ndipo kitabu kipya hufunguliwa. Miaka yote baba yake Gopal, na Gopal baada yake, walifanya hivyo kwa vitabu vya jalada jekundu. Mwaka ule wa kwanza wa kompyuta, mashine ilizimwa, ikabebwa kama bibi harusi, ikawekwa mbele ya Lakshmi, na Mama Sachin, yaani Sudha, mke wa Gopal, akaimwagia mchele wa baraka kwa mkono usio bahili. Mchele ukapita kwenye matundu ya mgongoni, ukaingia kwenye feni. Mashine ilipowashwa ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Kwa wiki nzima duka halikujua lina nini. Jonah alipanda rafu akiuliza spea majina, na spea hazikujibu.

Hapakuwa na nakala ya akiba ya maana. Wachuka alikuwa akiijua haja ya nakala, lakini mwalimu wake wa jioni alikuwa amemfundisha njia moja tu: watu wote watoke kwenye kitabu kwanza. Ukipiga picha ya ukoo mzima huku watoto wanakimbia huku na huko, utapata mtoto wa vichwa viwili na shangazi asiye na miguu. Kitabu nacho ni hivyohivyo. Siku moja alijaribu kunakili Jonah akiwa anauza, akapata nakala inayosema mkanda mmoja wa feni umeshauzwa na pia uko rafuni. Tangu siku hiyo akawa anaomba.

"Jonah, toka kidogo nifanye nakala."

"Mama Shiko, na huyu customer nimwambie nini? Alale hapa?"

"Dakika kumi tu."

"Lori yake iko katikati ya barabara na polisi amesimama kando yake. Mwambie huyo polisi dakika kumi."

Basi nakala ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka mchele ulipoingia kwenye feni. Ilibidi fundi aje kuitoa mashine punje kwa kibano. Kitabu kikapona. Ila kutokana na mkasa huo mmoja, baba na mwana walijifunza mafunzo mawili yasiyopatana.

Gopal alimwita Wachuka mwanzoni mwa Novemba.

"Mama Shiko, mwaka jana kitabu haikufungwa na heshima. Mtu alizima tu, kama taa ya choo. Ndio maana ilikataa kuamka."

"Ilikuwa mchele, mzee."

"Mchele ni baraka. Baraka haiwezi haribu kitu imefungwa vizuri. Hii mwaka ifungwe kabisa kabla ya sala, mtu asiandike. Lakshmi hawezi ingia nyumba kama watu bado wanafagia. Ikishindwa tena, Jumatatu narudisha vitabu nyekundu, na wewe unarudi kaunta kukaa na Jonah."

"Sawa, mzee. Itakuwa hivyo."

Siku ya pili Sachin alimfuata chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Mama Shiko, mwaka jana tuliizima ndio ikafa. Hii mashine haizimwi tena. Waru, hizi viazi, zinatoka Molo na Keringet kila siku, malori yanavunjika, na nimeambia madereva Ijumaa tuko wazi mpaka saa moja jioni. Usimwambie Papa. Ukizima, basi nitaita kampuni kutoka Nairobi iangalie hii mashine, na wewe utarudi kaunta na Jonah."

"Sawa, Sachin. Itakuwa hivyo."

Jonah aliposimuliwa, aliuliza kama kukaa naye kumekuwa kifungo cha jela.

Wachuka alitafakari jambo hilo akipika, akifua, na akiimba sauti ya tatu katika kwaya, ambako mwalimu wa kwaya alimtazama mara mbili. Jibu lilimjia kutoka mahali asipotarajia: ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yake, Shiko, iliyofanyika Agosti. Kwa desturi ya Wagikuyu, wanaokuja kuposa hawaingii uani moja kwa moja. Lango hufungwa. Huku ndani wenyeji hupanga mambo yao kwa utulivu, na huko nje wageni huimbishwa, wakajibizana na akina mama kwa nyimbo, mpaka wa ndani waridhike. Hawajafukuzwa, wala hawajaingia. Wanajulikana idadi yao na walichobeba, lakini bado ni watu wa langoni. Siku hiyo Gopal alialikwa upande wa Wachuka, akachelewa, akakuta lango limefungwa, na akahesabiwa miongoni mwa waoaji. Akina mama walimdai wimbo. Aliimba wimbo wa Kigujarati wa kubembeleza mtoto, kwa kuwa ndio uliomjia, na ndio uliofungua lango.

Je, kitabu hakiwezi kuwa na lango?

Wachuka alikifungua kijitabu cha maelezo kilichokuja pamoja na programu, ambacho tangu kije kilikuwa kikishikilia dirisha lisipigwe na upepo, akakisoma kwa subira ileile aliyokuwa akisomea ripoti za shule za Shiko. Na kweli, lango lilikuwamo. Palikuwa na amri ya kukiambia kitabu kisimame kama kilivyo. Baada ya amri hiyo, kila kinachoandikwa kaunta huwekwa pembeni, kwenye ukurasa wa kungojea, na kitabu chenyewe hakiguswi. Muuzaji akiuliza spea ngapi zimesalia, mashine hutazama kitabu na pembeni pia, ikajibu sawasawa. Hata hahisi kwamba lango limefungwa. Wakati huo kitabu kilichotulia hunakiliwa chote, hakuna mtoto anayekimbia, hakuna shangazi anayekosa miguu. Kisha lango hufunguliwa, na waliongoja huingia kwa mpangilio waliofika.

Alijaribu siku ya Jumanne, akimwacha Jonah auze huku yeye ananakili. Jonah hakujua lolote, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa ya jaribio hilo.

Ijumaa jioni, basi, mpango ulikuwa umekamilika. Wachuka alitoa amri. Kitabu cha mwaka kikasimama. Aliunganisha kwa waya kisanduku cheusi cha kuhifadhia nakala, chenye umbo kama la kitabu kidogo, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini kuonyesha kunakili kunavyokwenda. Kisha akatoka kwenda kaunta kumpa Jonah maagizo. Mlango mkubwa wa chuma uteremshwe nusu, ili aliye ndani aone umefungwa na aliye nje aone uko wazi. Akimuuzia mtu spea, aiandike kwenye mashine, lakini risiti aiandike kwa mkono. Na ili Jonah asisahau, Wachuka aliitoa karatasi yote kwenye printa, kwa sababu printa ile ilikuwa ya zamani, na ikichapa, jirani wa duka la tatu alijua kumeuzwa nini.

"Na usicheke," akamaliza.

"Mimi? Nicheke nini?" akauliza Jonah, akicheka.

Ilibaki sala tu, ambayo Wachuka aliitarajia baadaye, nakala ikiwa imeshakamilika. Lakini Gopal alikuwa amepigiwa simu kutoka hekaluni kwamba saa njema inaanza mapema. Sudha akaingia chumba cha nyuma akiwa na sinia la taa, maua, vitamu na kumkum, huku mstari wa kijani haujavuka hata nusu.

"Haya, lete kitabu kwa Lakshmi," alisema, akinyoosha mkono kwa kisanduku cheusi. Picha ya Lakshmi ilikuwa mbele, juu ya rafu ya filta.

"Mama Sachin, ngoja! Hakitoki. Kiko na waya."

"Toa waya."

"Nikitoa sasa kinaharibika. Bado kinanyonya."

Sudha alikitazama kisanduku, akautazama waya, akautazama mstari wa kijani. Alikuwa amezaa watoto wanne na alijua kitu ambacho hakijawa tayari kukatwa.

"Basi Lakshmi atakuja hapa," aliamua. "Yeye hana waya."

Akaenda kuiteremsha picha. Aliporudi, Wachuka alikuwa akilitazama sinia kwa wasiwasi.

"Na mchele, Mama Sachin?"

"Mchele itakaa kwa bakuli. Nilikuwa mjinga mwaka jana. Mara moja inatosha."

Dakika zile watu walipita kaunta huku na huko. Sudha alipita kuchukua picha. Gopal alipita kunawa mikono kwenye beseni lililoko huko. Sachin alipita akitoka kuegesha gari. Wachuka hakuzingatia; macho yake yalikuwa kwenye mstari wa kijani.

Wakakusanyika wanne katika chumba kisichotosha wawili, wamevua viatu. Gopal aliweka mkono juu ya kisanduku.

"Imefungwa?"

"Kitabu cha mwaka kimefungwa, mzee."

Sachin akainama kana kwamba anarekebisha taa, akamnong'oneza, "Iko wazi?"

"Kaunta iko wazi."

Alikuwa bado hajasema uongo. Lakini kusema ukweli mbilimbili kwa watu wawili, akagundua Wachuka, kunachosha kuliko uongo mmoja.

Sudha akawasha taa. Gopal akachovya kidole kwenye kumkum, akachora alama ya heri juu ya kisanduku. Wachuka alipewa kengele ndogo aitikise, kazi aliyoizoea tangu miaka ya vitabu vyekundu. Wakaanza kuimba. Harufu ya samli ikajaa, mstari wa kijani ukasogea, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, moyo wa Wachuka ukatulia.

*Krrrrrr.*

Sauti ilipenya ukuta kama msumeno. Sachin alikohoa. Wachuka alitikisa kengele kwa nguvu ya mtu anayefukuza ng'ombe shambani.

*Krrrrrr-krrr.*

Sachin akapandisha sauti ya wimbo mpaka mahali ambapo wimbo ule haukuwahi kufika. Wachuka akabadilisha mkono, kengele ikalia kama ya shule. Sudha aliwatazama wote wawili kwa jicho moja, lingine likiwa kwa Lakshmi.

Gopal aliinua kiganja. Kimya. Na katika kimya hicho printa ikamalizia nakala ya pili ya risiti, bila haraka, kwa maana printa ile haikuwahi kuchapa moja.

"Nani anaandika?" aliuliza Gopal.

Akafungua mlango. Kwenye kaunta alisimama Jonah, mikono juu, kama aliyekamatwa na askari. Mbele yake alisimama mwanamume mnene mwenye ndevu, matope mpaka magotini, ameshika krosi, ile jointi ya chuma inayounganisha propela ya lori. Alikuwa Odero, dereva wa malori ya viazi.

"Mzee, mimi sikuweka karatasi," alisema Jonah kabla hajaulizwa. "Niliona tu inaanza kuchapa yenyewe."

"Boss, kuna shida?" aliuliza Odero. "Mimi nimeinama nikaingia kwa sababu mlango uko nusu. Propela inanigongea tangu Njoro, na nimebeba viazi ya Keringet. Kama hii krosi ni ya mungu, niambie niirudishe."

 Gopal aligeuka polepole.

"Mama Shiko."

Wachuka aliiweka kengele chini. Aliona kiti chake na mto wake wa maua. Aliona kaunta na Jonah. "Mzee," alisema, "wewe ulitaka kitabu kifungwe. Nilikuahidi. Sachin naye alitaka kaunta isifungwe. Naye nilimwahidi."

"Papa, ni mimi nilimwambia," alisema Sachin, akizitazama soksi zake.

"Katika hii duka," alisema Sudha, "kila mtu iko na siri isipokuwa mungu."

"Kwa hivyo haijafungwa," alisema Gopal, na sauti yake ilishuka. Hasira asingeiogopa Wachuka, maana aliizoea. Ile ilikuwa huzuni. "Tumeimba kwa kitabu iko wazi. Kama mwaka jana."

"Kimefungwa, mzee. Njoo uone."

Mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho. Wachuka alikifungua kile kilichokuwa kwenye kisanduku na kuiuliza nakala habari za krosi ya aina ile. Nakala ikajibu: ziko tatu. Kisha akamwomba Jonah aulize swali lilelile kaunta. Jonah akasoma kwa sauti, mikono bado haijashuka vizuri: "Ziko mbili."

Gopal alisogeza miwani. "Kitabu cha mwaka inasema tatu."

"Ndiyo. Kilifungwa kabla ya huyu kuja. Hakimjui kabisa. Hata tukikifungua mwaka ujao, hakitamjua."

"Na kitabu mpya?"

"Hakijafunguliwa, mzee. Unakifungua wewe."

"Sasa hiyo krosi moja iko wapi? Haiko mwaka wa zamani, haiko mwaka mpya."

"Iko langoni," alisema Wachuka.

 Uso wa Gopal ukaanza kubadilika kutoka pembe za mdomo, kama mtu anayekumbuka jua kali, akina mama wenye vifijo, na wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Langoni," alirudia. "Kama mimi siku ya Shiko."

"Kama wewe, mzee. Hakuna aliyekufukuza. Na hakuna aliyekuingiza mpaka wenyewe wakamaliza."

"Na inaimba, hiyo krosi?"

"Ilikuwa inaimba kwa printa, mzee. Tulijaribu kuinyamazisha."

Sachin alicheka kwa pua, akajizuia. Lakini Gopal hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alimtazama Odero kuanzia ndevu mpaka matope. "Hata hivyo, mtu ameingia katikati ya sala."

Hapo ndipo Sudha alipolichukua sinia. "Wewe kila mwaka unasema Diwali tuache taa kwa mlango, Lakshmi apate njia. Sasa mtu ameinama chini ya mlango, amefuata taa, amekuja kununua. Ulitaka Lakshmi aje na gari ya harusi?"

"Lakshmi ana ndevu?"

"Hii mwaka anazo."

Akamwendea Odero, akampaka kumkum kwenye paji la uso na kumtia mkononi kipande cha barfi, kile kitamu cha maziwa. Odero aliinama kwa adabu, kisha akauliza, "Mathe, bibi yangu akiona hii alama nyekundu nitamwambia nini?"

"Mwambie ulienda kununua spea."

"Hiyo ndiyo huwa namwambia kila siku," alisema Odero kwa huzuni, "na haamini."

Sala ikamaliziwa, safari hii mlango ukiwa wazi, Odero amesimama kizingitini akila barfi, na Jonah ameteremsha mikono. Kisha Gopal akakaa kwenye kiti cha Wachuka, juu ya mto wa maua, kukifungua kitabu cha mwaka mpya. Desturi ilitaka neno la kwanza liwe *Shri*, neno la heri, nalo aliliandika kwa kidole kimoja chenye kumkum, herufi moja baada ya nyingine. Mashine ikalikataa. Ikataka kujua namba ya spea, gari linaloivaa, rafu na idadi.

"Inauliza Lakshmi anakaa rafu gani?" alisema Gopal.

"Tujaze tu, mzee, la sivyo haitaendelea," alisema Wachuka. Wakajaza: namba, ya kwanza; gari, yote; rafu, ya juu kabisa; idadi iliyosalia, moja. Mashine ikaridhika.

"Na sasa nafungua lango?"

"Bonyeza hapa."

"Na nikikataa?"

"Watakaa nje, mzee. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Hilo, kwa maoni ya waliomtazama, lilimpendeza kuliko barfi. Alikaa kidogo, mkono hewani, akamfanya kila mtu asubiri, kisha akabonyeza. Krosi ya Odero ikaingia mwaka mpya, ikakaa ya pili, chini ya Shri. Odero alijaribu kuomba apunguziwe bei kwa kuwa alikuwa Lakshmi. Gopal alimjibu kwamba Lakshmi huleta, hachukui, akamsindikiza mpaka kwenye lori kwa heshima zote na bei ileile.

Jumatatu vitabu vyekundu havikurudi, wala kampuni kutoka Nairobi haikuitwa. Wachuka alikuta kwenye kiti chake mto wa pili, mwekundu, kazi ya Sudha. Akakalia yote miwili, akawa mrefu kidogo mbele ya skrini. Tangu wiki hiyo alinakili kitabu kila jioni huku Jonah anauza, na kisanduku chenye alama nyekundu alikuwa akikipeleka nyumbani kwake, mtaa wa Shabab, akikiweka ndani ya debe la unga wa chapati. Kilikuwa humo katika majuma yale mabaya ya ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, ambayo mji mzima unayajua na hayahitaji kusimuliwa hapa. Maduka yalipofunguliwa tena kilirudi kazini kikiwa na vumbi jeupe, na hakuna spea iliyopotea jina. Katikati ya mwaka, spea zilipohesabiwa, Jonah alisoma orodha akafika kwenye Shri, rafu ya juu kabisa, iliyosalia moja. Alipanda ngazi, akachungulia, akashuka. "Iko," alisema, na Wachuka akaweka alama.

Jambo moja limeulizwa mara nyingi na halijapata jibu. Wachuka aliitoa karatasi kwenye printa kwa mikono yake, na sala ilipoanza karatasi ilikuwamo. Jonah anaapa hakuigusa. Sudha anasema ni Gopal, kwa sababu alichelewa sana kunawa mikono miwili tu. Sachin anasema ni mama yake. Gopal, alipoulizwa, alisema karatasi ni kazi ya kaunta, akaagiza chai. Aliyeirudisha karatasi hajulikani, na haijulikani kama alitaka printa isikike.